SHULE NDANI YA MPANGO WA NCHI

Leo nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu twalitazama kila siku wala hatulifikiri, nalo ni mahali pa shule katika mpango wa serikali. Watu wakisikia habari za mpango wa maendeleo, fikira zao huenda mara moja kwenye barabara, reli, madaraja, mabomba ya maji na nguzo za umeme. Shule huiweka upande, kana kwamba ni jambo la walimu na wazazi peke yao. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa shule ni sehemu ya mpango ule ule mmoja, na kwamba nchi ya Tanzania imefundishwa jambo hilo mara tatu, tena kwa gharama kubwa.

Kwanza yatupasa kujua mpango ni nini. Mtu mwenye akili akitaka kujenga nyumba, haanzi kwa kununua mabati. Hutazama kiwanja, akahesabu watu watakaolala humo, akajua maji yatatoka wapi na mvua itapita wapi. Baada ya hayo ndipo huita mafundi, na kila fundi huambiwa kazi yake na zamu yake. Basi mpango wa nchi ni vivyo hivyo. Ni kuhesabu kabla ya kutenda, na kuziunganisha kazi ambazo kila moja ina fundi wake.

Asiyehesabu kwanza hupata hasara, hata akiwa tajiri. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na fedha nyingi sana. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka huko kwenda Nachingwea. Lakini mvua ya Kongwa haikupimwa sawasawa, wala udongo wake haukujulikana. Mwaka wa 1951 kazi ikaachwa, na yapata pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Reli ile nayo iling'olewa katika miaka ya 1960, kwa kuwa ilikosa mzigo wa kuchukua. Fedha zilikuwako na mashini zilikuwako; kilichokosekana ni hesabu iliyotangulia.

Sasa natugeukie shule. Barabara yaidai shule, na shule yaidai barabara. Mpimaji wa barabara, fundi wa daraja, mganga wa zahanati, karani wa chama cha ushirika, mtengenezaji wa pampu ya maji, wote hao walianza kwa kushika kalamu katika darasa la kwanza. Tena fikirini jambo hili: barabara yaweza kujengwa kwa miaka miwili au mitatu, bali mhandisi wa kuisimamia huchukua zaidi ya miaka 15 tangu siku ile alipoingia shule. Kwa hiyo, katika vitu vyote vya mpango, hakuna kinachokomaa polepole kuliko mtu mwenye ujuzi. Mkulima anayetaka maembe na mchicha hauanzi mchicha kwanza akaliacha embe mpaka mwakani. Huupanda mwembe mapema, kwa kuwa ndio uchelewao kuzaa.

Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Waafrika wenye elimu ya uhandisi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana mpango wa kwanza wa miaka mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka makusudi makubwa matatu ya kutimizwa kufikia mwaka wa 1980. La kwanza ni kuongeza pato la kila mtu. La pili ni kuyarefusha maisha ya watu yafikie miaka 50. La tatu ni nchi kujitosheleza kwa watu wenye ujuzi wa kazi za kila namna. Angalieni kwamba kusudi hilo la tatu haliwezi kutimizwa na simenti wala chuma. Hutimizwa shuleni. Kwa hiyo fedha nyingi za elimu zilielekezwa kwenye shule za sekondari na vyuo, na mwaka wa 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitivo cha uhandisi, wakati ule ule reli ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa.

Hapo shule iliingizwa katika mpango kwa upande wa juu. Upande wa chini, yaani shule za msingi, ulikuwa na safari yake, nayo ndiyo yenye mafunzo matatu niliyoyataja.

Funzo la kwanza lilianza Musoma mwezi wa Novemba 1974. Mpango wa pili wa miaka mitano ulikuwa umeweka ya kuwa watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1989. Huko Musoma, chama kilichotawala, TANU, kiliona kuwa miaka hiyo ni mingi mno, kikaamua jambo hilo litimizwe kufikia Novemba 1977. Wakati huo watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na shule ilikuwa moja ya mambo ambayo kijiji kiliahidiwa. Watu walijenga madarasa kwa mikono yao. Vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, walifunzwa ualimu humo humo vijijini huku wakifundisha. Wanafunzi waliokuwa yapata milioni 1.2 mwaka wa 1974 walipita milioni 3 kufikia mwaka wa 1980. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na heshima yake haiondoki.

Lakini mpango huo ulihesabu sana siku ya kuandikisha, ukahesabu kidogo miaka ya baadaye. Vita na Idi Amin, mwaka wa 1978 na 1979, viliila hazina. Bei ya mafuta ikapanda. Mazao yetu yakauzwa kwa bei ndogo. Fedha za vitabu, chaki na matengenezo zikapungua, na kuta zilizojengwa kwa haraka zikaanza kubomoka. Katika miaka ya 1980 wazazi wakaanza tena kulipa ada. Hata kufikia mwaka wa 2000, yapata watoto 4 katika kila 10 wa umri wa shule ya msingi walikuwa hawamo darasani. Wahenga walisema kweli: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Shule zilizaliwa, lakini malezi yake hayakuwekwa katika mpango.

Funzo la pili ni la mwaka wa 2002. Serikali iliondoa ada, ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, unaojulikana kwa jina la MMEM. Safari hii kulikuwa na fedha za kujengea na ruzuku ya kuendeshea shule, na kamati za shule zilipewa kazi ya kuzisimamia. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa yapata milioni 4.4 mwaka wa 2000. Kufikia 2005 walikuwa milioni 7.5. Waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada waliingia kama maji yaliyofunguliwa mlango. Walakini mwalimu hajengwi kwa tofali. Vyumba viliongezeka upesi kuliko walimu, na mahali pengi mwalimu mmoja alisimama mbele ya watoto 70, 80 au zaidi. Tena watoto hao wote walikuwa wakisogea mwaka kwa mwaka kuelekea mlango wa sekondari, nao mlango ule ulikuwa mwembamba.

Hapo likazaliwa funzo la tatu. Kuanzia mwaka wa 2006 kila kata ilihimizwa kujenga shule yake ya sekondari. Shule za sekondari zilizokuwa 1,745 mwaka wa 2005 zilifika 4,266 mwaka wa 2010. Mtoto wa mkulima ambaye zamani asingeota kuvuka darasa la saba aliona sekondari katika kata yake mwenyewe. Lakini nyingi zilifunguliwa pasipo maabara, pasipo nyumba za walimu, pasipo umeme wala maji, na mahali pengine pasipo hata mwalimu mmoja wa hesabu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja la sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume ya kuchunguza, na matokeo yenyewe yakapangwa upya. Lakini hesabu mpya haikuweza kuwarudishia vijana wale miaka minne waliyokaa mbele ya ubao usio na mwalimu.

Mtu akiuliza, "Je, basi ilikuwa vibaya kuzijenga shule hizo?" jawabu langu ni hapana. Ingalikuwa vibaya zaidi kutozijenga. Kosa halikuwa katika kujenga, bali katika kulitenga darasa na vitu vinavyolifanya liwe shule. Jengo ni chungu. Shule ni chakula kilichomo ndani yake.

Basi mafunzo hayo matatu yatuonyesha kwamba mambo manne hayana budi kwenda pamoja: hesabu ya watoto, mahali pa shule, walimu, na matunzo. Nitaeleza moja moja.

La kwanza ni hesabu ya watoto. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu milioni 44.9 katika Tanzania. Sensa ya 2022 iliwakuta milioni 61.7. Ongezeko hilo ni la asilimia 3.2 kwa mwaka, na watu wakiongezeka kwa mwendo huo huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Maana yake ni kwamba mtoto aingiaye darasa la kwanza leo, atakapokuwa mzazi na kumpeleka mwanawe katika shule ile ile, huenda akaikuta na watoto mara mbili ya wale aliosoma nao. Wala jambo hili si siri ya wataalamu. Watoto watakaoanza shule baada ya miaka 6 wanazaliwa mwaka huu, na zahanati inawaandika. Anayetaka kujua madawati ya miaka ijayo na atazame daftari la kliniki.

Natufanye hesabu ndogo. Chukueni kijiji chenye watoto 90 wanaofikia umri wa shule kila mwaka. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi, basi kila darasa litakuwa na mikondo miwili. Kwa madarasa sita, ni vyumba 12 na watoto 540, na walimu wasiopungua 12. Vyoo navyo vina kipimo: tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Ikiwa nusu ya watoto ni wasichana, yatahitajika matundu 14 kwao na 11 kwa wavulana, jumla 25. Sasa, watu wakiongezeka kwa asilimia 3.2, baada ya miaka 10 watoto hao 540 watakuwa yapata 740, na vyumba 12 havitatosha. Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuifanya mchangani kwa kijiti. Lakini kijiji kisichoifanya kitashtuka kila mwezi wa Januari, na kila Januari kitachangishana kwa haraka.

La pili ni mahali. Shule ikiwa mbali, mtoto mdogo hachoki miguu tu. Huchelewa kuanza, kisha huacha. Mto ukijaa, masomo husimama. Msichana wa sekondari anayekwenda mwendo mrefu alfajiri na jioni yumo hatarini, na wazazi wengi hulazimika kumpangia chumba mtaani karibu na shule, mbali na macho yao. Kwa ajili ya watoto wadogo, watu wa vitongoji vya mbali hujenga vyumba vichache vinavyoitwa shule shikizi, yaani shule changa zinazoshikamana na shule mama mpaka zitakapoweza kusajiliwa peke yake. Mwaka wa fedha wa 2021 na 2022 serikali ilijenga vyumba 15,000 kwa mkopo uliotolewa wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Vyumba 12,000 vilikuwa vya sekondari, na 3,000 vya shule shikizi. Hapo mpango ulimfuata mtoto mahali anapoishi.

Lakini mahali pa shule huhitaji ardhi, na ardhi isiyotengwa mapema hutoweka. Leo ni pori. Kesho ni shamba la mtu. Keshokutwa ni nyumba yenye kaburi uani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, zimekipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake. Humo kijiji chaweza kuandika: hapa malisho, hapa mashamba, hapa msitu, na hapa shule, pamoja na uwanja wa michezo na nafasi ya kuongezea vyumba. Kalamu ikipita leo, hakuna fidia ya kulipwa kesho wala ugomvi wa mpaka.

Mahali pazuri hutazama pia kazi nyingine za serikali. Siku hizi barabara za vijijini zi mikononi mwa TARURA, wakala iliyoanza mwaka wa 2017. Maji ya vijijini ni kazi ya RUWASA, iliyoanzishwa mwaka wa 2019. Umeme wa vijijini husimamiwa na REA, iliyoanza kazi mwaka wa 2007. Shule zenyewe zi chini ya halmashauri. Kila mmoja ana bajeti yake na wataalamu wake. Wasipokaa pamoja, bomba hupita mita mia tatu kutoka shuleni lisiingie. Nguzo za umeme hufika dukani zikaishia hapo. Na barabara hufunguliwa upande ambao hakuna mtoto anayepita. Wakikaa pamoja, fedha zile zile huzaa mara mbili, kwa kuwa bomba la shule hunywesha kijiji, na daraja la wanafunzi hupitisha pia magunia ya mahindi.

La tatu ni walimu. Mwalimu apelekwaye mahali pasipo nyumba, maji wala barabara huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua sanduku lake. Nasi tusimlaumu upesi, maana ana watoto na wazee kama sisi. Kwa hiyo nyumba ya mwalimu si anasa ya kungojea mwisho. Iandikwe katika mpango pamoja na darasa, katika ukurasa mmoja. Na vyuo vya ualimu navyo viambiwe mapema idadi ya walimu watakaohitajika, hasa wa hesabu na sayansi, maana hao nao huchukua miaka kukomaa.

La nne ni matunzo. Tangu Januari 2016 elimu ilitolewa bila ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa 2022 hadi kidato cha sita, na serikali hupeleka ruzuku. Baadhi ya watu wamedhani basi kazi ya kijiji imekwisha. La, asilani. Bati likitoboka, nalizibwe kabla dari halijaoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa shule ni ghali. Mfereji uchimbwe ili maji ya mvua yasile msingi. Matangi yawekwe chini ya mapaa ili mvua hiyo hiyo iwe maji ya kunawa. Miti ipandwe kwa kivuli na kwa kuzuia upepo. Maendeleo ya kudumu si yale yanayozinduliwa kwa ngoma, bali ni yale yanayokutwa yamesimama baada ya miaka 30.

Wako wasemao, "Kwanza tupate barabara na umeme, tukiisha tajirika, tutajenga shule nzuri." Maneno haya yana sura ya busara, lakini yamesahau hesabu ile ya miaka 15. Mtoto hangoji. Mwaka wake wa kuanza shule hupita mara moja, na ukipita haununuliki. Tena barabara isiyo na mtu wa kuitengeneza, na umeme usio na fundi wa kuutumia kwa kazi, ni mapambo tu. Wako pia wasemao, "Mpango ni wa wakubwa wa Dodoma, sisi wa vijijini tutangoje." Hao nao hawajui nguvu walizo nazo.

Njia ya mpango huanzia chini. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, nao mkutano huukubali au kuukataa. Kisha mpango huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka huko huenda halmashauri ya wilaya, ambako huunganishwa na mipango ya vijiji vingine na kuwekwa katika bajeti. Jambo lisiloandikwa kijijini ni vigumu kuonekana wilayani. Na ombi lililoandikwa kwa hesabu, watoto kadhaa, vyumba kadhaa, matundu kadhaa, mwendo wa kilomita kadhaa, husikilizwa kuliko ombi la kilio peke yake.

Basi, wazee wangu na ndugu zangu, na ninyi wanafunzi, mkutano ujao wa kijiji chenu ukifika, nendeni na maswali haya manne. Watoto waliozaliwa mwaka huu ni wangapi, nao watakaa chumba gani? Ardhi ya shule ya miaka 20 ijayo imeandikwa wapi? Mwalimu mpya akija kesho, atalala wapi na atakunywa maji gani? Na fedha za kuziba bati linalovuja ziko katika fungu gani? Kama majibu yapo, mshukuruni mwenyekiti wenu, naye atafurahi. Kama hayapo, msiondoke mpaka yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Watakaokaa katika madarasa hayo wamo mgongoni mwa mama zao sasa hivi, hawawezi kuuliza wenyewe.